Mgonjwa Asiyepungua: Kabla ya Kupima Jeni, Kagueni Dawa Anazomeza

Tangu Shirika la Afya Duniani liingize semaglutide, sindano ya kisukari inayopunguza pia uzito, na dawa za jamii yake kwenye orodha ya dawa muhimu, Septemba 2025, gumzo la uzito jijini Nairobi limebadilika. Sindano ambazo juzi tu zilikuwa habari za waigizaji wa Marekani sasa zimo kwenye majokofu ya maduka ya dawa ya Kilimani na Westlands, na dozi ya mwezi mmoja inazidi kodi ya chumba kimoja Kayole. Nyuma ya sindano imeingia bidhaa ya pili isiyojadiliwa sana, nayo ni kipimo cha vinasaba. Unatema mate kwenye kichupa, kichupa kinasafirishwa, na baada ya muda unaletewa ripoti ya rangi za kupendeza inayodai kujua kama mwili wako unafaa kupunguziwa wanga au mafuta, kama utapungua kwa kukimbia au kwa kunyanyua vyuma, na kama uliumbwa mnene tangu tumboni mwa mama. Wanaoikimbilia si vijana wa gym pekee. Wamo pia watu wenye kisukari, presha au maradhi ya figo, watu walioambiwa mara chungu nzima wapunguze kilo na kilo zikakataa katakata kutoka.

Naona mjadala huu umeziweka jeni mahali pasipo pake. Jeni zina nguvu juu ya uzito, na anayelikana hilo anakana ushahidi wa zaidi ya miaka thelathini. Ila kwa mtu anayeishi na ugonjwa wa kudumu, jeni zinazouzwa kwenye ripoti za mate ndizo zenye msaada mdogo kabisa akitaka kujua afanye nini. Zenye maana kwake ni zile zinazoamua ini lake litavunja vipi dawa anayomeza, na zile zinazodokeza ugonjwa wake ni wa aina gani hasa. Hizo huzisikii zikitangazwa, kwa kuwa hakuna wa kufaidi kwa kuzitangaza.

Tuanze na upande wa wanaosema uzito ni urithi, maana hoja yao ina mizizi. Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake huko Quebec, Kanada, walichukua jozi 12 za mapacha wa kufanana, wote vijana wa kiume, wakawalisha kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku 84, chini ya uangalizi. Wote walikula ziada ileile. Kuna aliyeongezeka kilo nne na ushee, na kuna aliyeongezeka zaidi ya kilo 13. Tofauti kati ya jozi na jozi ilikuwa kubwa, lakini pacha na pacha mwenzake walifanana, hata mahali mafuta yalipojikusanya mwilini. Miaka minne baadaye timu hiyohiyo ilifanya kinyume: jozi saba zilifanyishwa mazoezi kwa siku 93 bila kuongezewa chakula. Kwa wastani walipungua kilo tano, lakini kuna waliopoteza kilo moja tu na waliopoteza nane, na hapa tena mapacha walikwenda sambamba. Wale vijana hawakuwa na nafasi ya kula chapati kwa siri usiku. Kilo zilitofautiana na nidhamu ilikuwa ileile.

Kwa hiyo ile hukumu ya haraka kwamba mnene ni mlafi na asiyepungua ni mvivu haina msingi wa kisayansi, ingawa inatamkwa kila siku na watu waliovaa makoti meupe. Nimewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya sukari ya hospitali moja ya umma hapa jijini nikimsindikiza jamaa yangu. Mbele yetu mama wa makamo alipanda kwenye mizani, muuguzi akafungua daftari lake lenye jalada la nailoni, akatikisa kichwa. “Mama, si tulikubaliana?” “Daktari, ugali ni ngumi moja tu, kama mlivyonionyesha.” “Basi hizi kilo zinatoka wapi, hewani?” Benchi zima likacheka, mama naye akacheka kwa aibu. Daftari lilikuwa wazi mezani, na aliyetaka angesoma: dozi ya insulini ilikuwa imepandishwa, ikakatwa kwa kalamu, ikapandishwa tena. Hakuna aliyeliunganisha hilo na mizani.

Ngoja nirudi kwenye jeni kwanza, maana huo ni mkasa wa dawa. Takwimu inayonukuliwa kila mahali, kwamba uzito ni wa kurithi kwa asilimia 40 hadi 70, haina maana kwamba katika kilo zako 90, kilo 50 ulipewa na wazazi. Inapima tofauti kati ya watu wanaoishi katika mazingira yanayokaribiana, ikieleza kwa nini huyu anamzidi yule wakati wote wanapita mbele ya vibanda vilevile vya chipsi. Ukiyabadilisha mazingira yenyewe, takwimu hiyo nayo inabadilika. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walipoitangaza jeni ya FTO, baada ya kuichunguza kwa watu zaidi ya 38,000, magazeti yaliibatiza jeni ya unene. Aliyerithi aina yake ya hatari kwa baba na kwa mama alimzidi asiyeirithi kwa takriban kilo tatu. Kilo tatu ni pungufu ya uzito wa mtungi wa maji wa lita tano. Na hiyo ndiyo inayoongoza kwa nguvu miongoni mwa jeni za kawaida. Yaliyogunduliwa baadaye ni mamia ya alama ambazo kila moja inasukuma kidogo mno.

Upande wa pili, wa wanaosema ni mazingira na mienendo, una ushahidi wa hapa nyumbani. Mwaka 1990 kulichapishwa utafiti uliowafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kuja Nairobi. Shinikizo la damu la waliohama lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki, na tofauti hiyo ilijitokeza mapema, muda mfupi baada ya kuwasili. Ukoo mmoja, damu moja, lakini chumvi tofauti, kazi tofauti na maisha tofauti. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulikuta asilimia 27 ya Wakenya watu wazima wana uzito uliozidi: wanawake karibu asilimia 39, wanaume chini ya asilimia 18. Kaka na dada wanarithi kwa wazazi haohao. Pengo la namna hiyo baina yao, na kasi ambayo unene umepanda nayo ndani ya kizazi kimoja, haviwezi kusukumiwa jeni peke yake, kwa kuwa jeni za jamii nzima hazigeuki kati ya shule ya msingi na ndoa.

Hoja hizi mbili hazigongani, kinyume cha tunavyosikia redioni. Mazingira yameisukuma jamii nzima juu, na jeni zinaamua nani kasukumwa mbali kuliko mwenzake. Ninayoikataa ni hoja ya tatu, tamu masikioni, kwamba mwili wa Mwafrika ulizoea njaa na ndiyo maana unahifadhi kila tonge. Mzizi wa wazo hilo ni nadharia aliyoitoa James Neel, mwanajenetiki Mmarekani, mwaka 1962, na tangu hapo limepata umaarufu kuliko ushahidi. Waafrika wana tofauti nyingi zaidi za kijenetiki kuliko watu wa bara lingine lolote. Kumzungumzia Mwafrika kama mwili mmoja ni kuwaweka Msomali wa Eastleigh, Mkikuyu wa Kiambu na Mluo wa Siaya kwenye mfuko mmoja. Tena, pale ilipopatikana jeni iliyofanana na ile aliyoiwaza Neel, huko Samoa mwaka 2016, ilikuja na kioja chake: inayoitwa CREBRF humwongezea mtu uzito lakini humpunguzia hatari ya kisukari. Kunenepa na kuugua si kitu kimoja, hata ndani ya jeni.

Sasa tuje kwa mgonjwa, ambaye sehemu kubwa ya mjadala huu inamsahau. Tafiti nyingi za kupungua uzito hufanywa kwa watu wanene wasio na kisukari, kisha matokeo yake yanabandikwa kwa wagonjwa. Majaribio ya semaglutide yenyewe yanaonyesha kosa hilo. Wasio na kisukari waliodungwa miligramu 2.4 kwa wiki, kwa wiki 68, walipoteza wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Wenye kisukari cha aina ya pili waliopewa dozi hiyohiyo kwa muda huohuo walipoteza asilimia 9.6. Mtindo huo umejirudia kwa tirzepatide, sindano nyingine ya kupunguza uzito: karibu asilimia 21 kwa wasio na kisukari, chini ya 15 kwa wenye nacho. Mgonjwa wa kisukari anayenunua sindano akitarajia miujiza aliyoiona kwa jirani asiye na kisukari ameshapangiwa kuvunjika moyo, na akipungua nusu ya alichokitarajia, jibu rahisi litakuwa kwamba ana jeni mbaya. Huenda ana ugonjwa tu, na dawa za ugonjwa huo.

Maana dawa zinanenepesha. Utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba katika miaka kumi waliowekwa kwenye insulini waliongezeka kilo nne zaidi ya wenzao waliotibiwa kwa lishe, na waliotumia glibenklamidi, kile kidonge cha bei nafuu kinachojulikana kliniki zote za umma, waliongezeka karibu kilo mbili zaidi. Prednisolone, ile steroidi ya pumu na uvimbe, inajulikana. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, olanzapine ikiwa mbele, hupandisha uzito hadi ndugu wakadhani mgonjwa kapona na ananona. Simwambii mtu aache dawa. Insulini inaokoa maisha, na anayeiacha ili apungue anacheza na kaburi. Ninachosema ni kwamba kabla ya mtu kutozwa maelfu ya shilingi kupima jeni ya FTO, daftari lake la kliniki lisomwe mstari kwa mstari. Kuna kidonge kinachoweza kubadilishwa, dozi inayoweza kugawanywa, metformini isiyonenepesha inayoweza kubeba mzigo zaidi. Hilo halihitaji maabara. Linahitaji dakika kumi za daktari, ambazo najua nazo hazipo.

Kuna mahali jeni na dawa zinakutana, na hapo Nairobi ina cha kufundisha kuliko kufundishwa. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuingiza dolutegravir kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kuanzia 2017, ikichukua nafasi ya efavirenz, ile iliyowafanya watu waamke usiku wakitokwa jasho kwa ndoto. Muda si mrefu malalamiko yakaanza: nguo hazitoshi, tumbo limetoka, presha imeingia. Jaribio lililofanywa Johannesburg kwa watu zaidi ya 1,000 na kuchapishwa 2019 lilithibitisha kwamba si maneno ya mitaani. Baada ya wiki 48 waliotumia mchanganyiko wa tenofovir, dawa nyingine ya virusi, na dolutegravir kama unaotumika hapa waliongezeka wastani wa kilo tatu hivi, wa efavirenz chini ya kilo mbili, na wale wa mchanganyiko wenye tenofovir ya aina mpya kilo sita hivi. Wanawake waliongezeka kuliko wanaume.

Tafsiri ya kwanza ilikuwa kwamba dolutegravir inanenepesha. Kisha watafiti wakaangalia jeni inayoitwa CYP2B6, inayosimamia namna ini linavyovunja efavirenz. Kuna watu ambao ini lao linaivunja polepole, dawa inajaa kwenye damu, na aina hizo za jeni zimeenea zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu. Hao wavunjaji wa polepole ndio hasa walioongezeka kidogo wakiwa kwenye efavirenz. Waliokuwa na ini la haraka waliongezeka karibu sawa na wa dolutegravir. Maana yake ni kwamba sehemu ya tofauti tuliyoipachika kwenye dawa mpya ilitokana na dawa ya zamani kuwabana wagonjwa fulani, pengine kwa sumu yake. Uchambuzi mwingine uliofanywa Marekani kwa watu waliohamishwa kutoka efavirenz ulikuta wavunjaji wa polepole ndio walioongezeka zaidi baada ya kuiacha. Mtu aliyepanda kilo kadhaa tangu abadilishiwe dawa, akaambiwa na mshauri apunguze chapati, huenda mwili wake ulikuwa ukirudi ulipotakiwa kuwa miaka yote hiyo. Hiyo ndiyo kazi ya jeni inayostahili kujadiliwa kwenye mkutano wa wagonjwa, na sidhani kama umewahi kuiona kwenye tangazo la kipimo cha mate.

Kwa wagonjwa hao uzito hauhesabiwi kwa kilo tu. Aliyeishi Nairobi miaka ya tisini anakumbuka watu walivyotazamana mashavu. Kukonda ghafla kulikuwa tangazo. Mtu alivaa sweta mbili chini ya koti kwenda kazini, na mwajiri hakuhitaji cheti cha maabara kuanza kunong'ona. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Ndiyo maana bado kuna mgonjwa wa kisukari anayepungua kilo nane kwa juhudi zake halali, akafika harusini kijijini, shangazi akamshika mkono kando: “Mwanangu, unameza dawa?” Akirudi mjini anaanza kula upya. Mtaalamu wa lishe asiyejua hilo ataandika kwamba mgonjwa hafuati ushauri.

Kuna pia mgonjwa ambaye kupungua kwenyewe ndiyo dalili, na hapa kosa la kufikiri lina gharama kubwa. Tumezoea kwamba kisukari cha ukubwani ni cha wanene, kwa hiyo mwembamba mwenye sukari anapewa moja ya majina mawili: mgonjwa wa aina ya kwanza, au mtu aliyejitahidi kupungua. Utafiti wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa katikati ya 2025, ukihusisha karibu watu 900 waliopata kisukari wakiwa watoto au vijana na kudhaniwa ni cha aina ya kwanza, ulikuta takriban theluthi mbili hawana kingamwili zinazotambulisha ugonjwa huo, na alama yao ya jeni za hatari ilikuwa chini. Miezi michache kabla, Aprili 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikuwa limetambua rasmi aina ya tano, inayohusishwa na utapiamlo wa utotoni. Hawa si watu wa kuambiwa wapunguze wanga na kilo. Kwa baadhi yao kupungua zaidi ni hatari. Chunguza pia kipimo chenyewe. Jeni ya G6PD, inayolinda seli nyekundu za damu, ikiwa na upungufu, na ile ya selimundu hata kwa mtu anayeibeba tu bila kuugua, zinaweza kushusha kiwango cha HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, kikasomeka chini ya hali halisi. Huku ukanda wa ziwa na Pwani jeni hizo zikiwa za kawaida, mtu anaweza kukondeshwa na sukari huku karatasi ikisema yu salama.

Saratani nayo ina kukonda kwake, ambako hakuponywi kwa uji. Kuna kichocheo kiitwacho GDF-15 kinachozima hamu ya kula, na mwaka 2024 jaribio dogo la dawa inayokifunga liliwaongezea wagonjwa wa saratani waliopewa dozi ya juu karibu asilimia sita ya uzito ndani ya wiki 12, wakilinganishwa na waliopewa dawa bandia. Bado ni mapema, lakini inatosha kumwondolea lawama mgonjwa anayesukuma sahani kando na familia iliyomkalia kichwani.

Nimeiacha hoja dhaifu kuliko zote hadi sasa makusudi: kwamba ukijua jeni zako utajua ule nini upungue. Ilijaribiwa, tena vizuri. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwagawa watu wazima 609, nusu wale mafuta kidogo, nusu wanga kidogo, kwa mwaka mzima, baada ya kupimwa kama jeni zao zinaelekea lishe hii au ile. Matokeo yalitoka 2018: kundi moja lilipungua kilo 5.3, lingine 6.0, na kula kulingana na jeni hakukumsaidia mtu chochote. Ndani ya kila kundi kuna waliopungua kilo nyingi mno na kuna walioongezeka, lakini jeni zilizopimwa hazikuwatofautisha. Na hao hawakuwa na kisukari. Kwa mgonjwa ushahidi ni mwembamba zaidi. Miaka miwili kabla, jarida la madaktari wa Uingereza lilikuwa limekusanya majaribio manane yenye watu 9,563 na kuonyesha kwamba wenye FTO ya hatari wanapungua sawasawa na wengine wakisaidiwa. Kwa wenye kisukari, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Look AHEAD uliwaongoza maelfu kwenye lishe na mazoezi, wakapungua wastani wa asilimia 8.6 mwaka wa kwanza. Jeni za washiriki zilipochambuliwa zikapatikana alama chache tu zenye athari ndogo. Hata sindano zenyewe: uchambuzi wa mwaka 2025 wa karibu watu 11,000 kutoka nchi sita haukuona kwamba tofauti za jeni ya kipokezi kinacholengwa na dawa hizo zinaeleza nani atapungua. Muuzaji akikuambia mate yako yatachagua sindano yako, mwombe karatasi.

Kasoro nyingine ni kioo anachotumia muuzaji huyo. Watu wa asili ya Kiafrika ni sehemu ndogo mno ya waliowahi kuingizwa kwenye tafiti kubwa za jeni za dunia, na alama ya hatari iliyotengenezwa kwa Wazungu hudorora ikipelekwa kwa Waafrika. Dawa ya upofu huo imeanza kutengenezwa, tena karibu nasi kuliko wengi wanavyojua. Wakazi wa Korogocho na Viwandani wametoa damu na vipimo vya kiuno kwa mradi wa AWI-Gen, unaotafiti jeni na maradhi ya Waafrika, pamoja na watu wa Burkina Faso, Ghana na Afrika Kusini. Wagonjwa wa Kenya, Nigeria na Ghana walichangia utafiti uliotambua jeni ya ZRANB3 katika kisukari cha Waafrika, mwaka 2019. Inachekesha kidogo kwamba mkazi wa Lavington analipia ripoti iliyojengwa juu ya Wazungu, huku sayansi inayoweza kumhusu ikikusanywa kwenye vichochoro vya mitaa ya mabati.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuna pahali kipimo cha jeni kinafaa na kinacheleweshwa. Mtoto anayenenepa kupita kiasi kabla ya miaka mitano, mwenye njaa isiyoshiba hadi kufuli kuwekwa kwenye kabati la chakula, anaweza kuwa na hitilafu ya jeni moja. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge waliwatambua watoto wawili, mtu na binamuye, wasiotengeneza leptini, kichocheo kinachouzuia ubongo kuendelea kudai chakula. Hali hiyo hutibika kwa leptini ya sindano, na mtoto aliyekuwa akilia njaa mchana kutwa anaacha sahani mwenyewe. Hitilafu za MC4R, jeni nyingine inayodhibiti njaa, si adimu kiasi hicho. Mzazi wa mtoto kama huyo anastahili rufaa, si mahubiri kuhusu soda.

Kwa wengine wote, maswali ya maana yako kwingine. Kliniki ya sukari au ya virusi ingepaswa kuandika uzito karibu na jina la dawa na tarehe iliyobadilishwa, ili anayesoma aone kilo zilianza kupanda lini na kwa nini. Aliyepoteza zaidi ya asilimia tano ya uzito ndani ya miezi sita hadi 12 bila kukusudia apelekwe kupimwa kifua kikuu, sukari na saratani kabla ya kupongezwa. Taarifa za jeni ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kufilisika kwa 23andMe, kampuni ya Marekani ya vipimo vya mate, Machi 2025, kukiwa na data za wateja wapatao milioni 15, kunatosha kumfanya mtu aulize kichupa chake kinakwenda wapi na kitarithiwa na nani.

Na sindano zikishuka bei, kama inavyotarajiwa baada ya hataza ya semaglutide, haki ya mwenye dawa kuitengeneza peke yake, kwisha India mwaka 2026, Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya taifa ya Kenya, italazimika kuamua nani aanze kulipiwa. Shinikizo litatoka kwa wenye sauti na pesa, watu wanaotaka kupunguza kilo kumi kwa ajili ya harusi. Orodha ya Shirika la Afya Duniani imetaja wengine: mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, mnene, ambaye tayari moyo au figo zimeguswa. Kamati itakayoandika masharti ikidai mgonjwa athibitishe kwamba alijaribu lishe akashindwa, itakuwa imeirudisha ile hukumu ya benchi la kliniki kwa mlango wa nyuma, safari hii ikiwa na mhuri. Ithibitishe yenyewe kwanza kwamba kuna daktari aliyefungua daftari lake akauliza ni kidonge kipi kati ya hivi kinachomnenepesha.